Tshangalele si ziwa la asili

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliandika kwamba Tshangalele, ziwa letu la hapa Katanga, Kongo, ni ziwa la asili. Naomba mpokee sahihisho langu kwa moyo mwema. Nimekulia Kapolowe, kando ya ziwa hilo, kabla ya kuhamia hapa Lubumbashi, na jambo hili linaniuma.

Zamani ziwa hilo halikuwepo. Palikuwa na mto Lufira tu, unapita katika bonde pana kisha unaanguka pale Mwadingusha. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilikuwa na njaa ya umeme, kwani kusafisha shaba kwa elektrolisi katika kiwanda cha Shituru, kule Likasi iliyoitwa Jadotville, kunakula umeme usiku na mchana. Wakauziba mto juu ya maporomoko, maji yakarudi nyuma na kulifunika bonde, na mwaka 1930 mashine zikaanza kuzunguka. Ndiyo maana ziwa limetanda sana lakini halina kina kirefu. Majina nayo yakaletwa: maporomoko yakaitwa Cornet, mtambo ukaitwa Francqui. Wote wawili walikuja na msafara mmoja wa Wabelgiji uliofika Katanga mfalme Msiri akiwa ndiyo kwanza ameuawa Bunkeya. Cornet ndiye aliyechunguza mawe yetu yenye shaba. Baadaye wakajenga mtambo mwingine, Koni, chini zaidi kwenye mto uleule, ili maji yafanye kazi mara ya pili.

Mtaniuliza kwa nini nashika neno moja. Ni kwa sababu ziwa likiwa la asili tu, hakuna wa kuulizwa habari zake. Hili lina waliolifanya, na lina wanaolitumia. Mashine sita za Mwadingusha zimefanywa upya, kazi ikakamilika 2021, zikafikia megawati 78 hivi. Fedha zilitoka kwenye mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula, ambao nao unahitaji umeme huo. Kama 1930: shaba imelipa, shaba inakula. Na mto Panda, unaotoka upande wa Likasi, unaendelea kuteremsha uchafu wa viwanda hadi Lufira. Watafiti wamekuta shaba na kobalti katika tope la ziwa.

Humo humo ndimo tunamopata samaki wetu. Mama mkubwa wangu aliuza samaki wa makobo pale Kapolowe Gare miaka mingi. Alinifundisha kufunua matamvua kwa kidole gumba: yakiwa mekundu, weka kwenye beseni, yakiwa ya kijivu, rudisha, hata mvuvi akinuna. Nikipita siku hizi jioni, nawakuta kina mama wamebana simu kati ya shingo na bega, tochi imewashwa, wanahesabu faranga gizani. Maji yanayotoa umeme yako nyuma yao. Mimi hapa mjini nikilalamikia delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nawakumbuka wao, ambao wengi hawana hata cha kukatiwa.

Naomba msahihishe habari hiyo katika toleo lijalo, pahali palepale ilipotokea. Na mtakapomtuma mwandishi Mwadingusha, asianzie ukutani kwa bwawa. Afike kwanza Kapolowe alfajiri, mitumbwi inaporudi, awaulize wavuvi wanavua nini sasa na walikuwa wakivua nini.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi