Namba imehama, hela za mama zimebaki

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hii huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Tangu ilipoanza Machi 2017 tunaambiwa ni kitu chepesi tu, unaenda kwa kampuni unayoitaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unapewa laini mpya, kwisha habari. Kwa kijana wa mjini mwenye simu mbili mfukoni labda ni hivyo. Mimi naongelea laini ya nyumbani.

Na nikisema laini ya nyumbani simaanishi ile simu ya mezani ya waya, hiyo kwetu wala haijawahi kufika. Nyumbani ni Mwera, Pangani, na simu ya nyumbani ni kitochi cha mama. Namba ni ile ile tangu enzi za vocha za kukwangua, ndiyo anayo shangazi alieko Muscat, anayo mwalimu wa madrasa, wanayo wanakikoba wote maana mama ndio mweka hazina, na imeandikwa kwa rangi nyeusi pembeni ya mlango kwa ajili ya wanaokuja kununua makuti wakakuta hakuna mtu. Namba hiyo huwezi kuibadilisha ukasema utawatumia watu mesej, nusu yao mesej hawasomi.

Shida ilikuwa mtandao wenyewe. Simu inakaa kwenye kikombe cha bati dirishani, dirisha la upande wa barabarani, ukiitoa pale tu imekata, kwahiyo mama akipigiwa anasimama dirishani kainamisha kichwa kwenye nondo kama anaongea na mtu aliyeko nje, na kila mpita njia anajua nani anadaiwa nani kaolewa. Wakati huo majirani wa kampuni nyingine wanaongea wako jikoni wanapalia moto. Ndio tukasema basi tuhame.

Tukakwama kwenye usajili. Mnakumbuka ile kashkash ya usajili wa alama za vidole, ilianza Mei 2019, ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020 halafu laini zikaanza kuzimwa. Mama kipindi hicho namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, haikuwa imetoka, foleni zilivyokuwa mnazijua, binamu yangu akaisajili laini kwa jina lake ili isizimwe. Familia ngapi zilifanya hivyo? Nyingi sana, na kila mtu akasahau. Sasa ukitaka kuhama anatakiwa mwenye usajili mwenyewe aweke kidole, na binamu yuko Mwanza. Ushauri wa bure kwa msomaji, kabla hujahangaika piga *106# kwenye hiyo laini uone imesajiliwa kwa jina la nani, itakuokoa nauli.

Tukamsubiri binamu mpaka alipokuja kwa sikukuu ya Idi, tukaenda wote watatu Tanga mjini kwenye duka la kampuni ya zamani kubadili umiliki. Pale kikaanza kitu cha vidole. Mama kafua nazi na kusuka makuti maisha yake yote, vidole vimelika, vile vimistari havipo tena. Yule kijana wa watu alijitahidi sana simlaumu, "weka tena bibi, gandamiza bibi, sio hicho bibi jaribu cha kati", akampeleka akanawe kwa sabuni, akampaka mafuta kidogo, akafuta kile kioo na shati lake, mashine inasema haijasoma. Kilichokuja kukubali ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Watu nyuma yetu kwenye foleni walipiga makofi kabisa.

Baada ya hapo kuhama kwenyewe kukawa rahisi, lazima niwe mkweli. Wakala mwenye mwamvuli pale stendi akachukua taarifa, mama akatuma HAMA, laini mpya ikashika. Kitu kilichonichefua ni kwamba kabla hata haijashika alishaanza kupigiwa na dada mmoja wa kampuni ya zamani, sauti nyororo, oh mama tumeona unataka kutuacha, tunakupa bando la bure, kuna tatizo gani mama. Miaka yote tumepiga kastama kea kulalamikia mnara tunawekewa muziki, siku unayoondoka ndio wanajua jina lako!

Sasa kilichonifanya niandike ni hela.

Hakuna mtu aliyetuambia, sio wakala wa mwamvuli wala yule dada wa ofa, kwamba namba inahama peke yake. Salio la vocha halihami, sawa, bando halihami, sawa, ila pesa ya kwenye simu nayo haihami, inabaki kwenye akaunti ya kampuni ya zamani na laini ya zamani imeshakufa, menyu yao ukiipiga kwenye laini mpya haifunguki. Ilitakiwa itolewe yote kwanza. Humo ndani zilikuwa hela za kikoba, za wanawake wa watu wanaouza vitumbua na dagaa, sio za mama. Tukarudi Tanga. Wanasema huyu kwa sasa sio mteja wetu, namba haiko kwetu, alete kitambulisho. Mama hana kadi ya NIDA ana karatasi yenye namba, aah basi jazeni fomu msubiri. Mpaka leo tunasubiri.

Nikaanza kuulizia hili ni la nani. Laini ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hela ya simu inasimamiwa na Benki Kuu, kuna sheria kabisa ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015. Ukienda huku unaambiwa kule. Wakati wanabuni hii huduma sijui kama kuna siku walikaa meza moja, maana kwa Mtanzania wa leo namba ya simu ndio benki yake, ukimhamisha namba ukaacha hela umemhamisha nini?

Na msiniambie haiwezekani kitaalamu. Zamani pesa kuvuka mtandao mmoja kwenda mwingine nayo ilikuwa haiwezekani, kampuni tatu zikaanza kutumiana 2014, nyingine kubwa ikaingia 2016, leo natuma kutoka mtandao wowote kwenda wowote nikiwa nimekaa kwenye mwendokasi. Sasa kama hela yangu inaweza kwenda kwa mtu nisiyemjua kwenye kampuni pinzani kwa sekunde chache, inashindwaje kuifuata namba yake yenyewe? Basi hata kama ni kazi ngumu, ile mesej ya HAMA ikifika mfumo ungejibu kwa Kiswahili cha kawaida "una shilingi kadhaa kwenye akaunti yako, toa kwanza", na usiruhusu kuendelea mpaka ziishe. Hiyo tu.

Kuna na hili la wanaotuma. Watu wamezoea kuangalia tarakimu za mwanzo wanajua huyu mtandao gani, kwahiyo wakimtumia mama wanachagua mtandao wa zamani inagoma, wanampigia wanadhani kafungiwa. Shangazi wa Muscat yeye kapitia kwa mtu ndio hela ikafika. Hili dogo, litazoeleka.

Mtandao mpya uko vizuri, hilo nalisema, mama anaongea akiwa uani. Ila kikoba kinavunjwa kabla ya Ramadhani na hela za watu lazima ziwepo mezani, kwa sasa nimeziba mimi kwa mshahara. Fomu tuliyojaza ninayo kopi yake na namba ya lalamiko ninayo. Baraza la Watumiaji wa huduma za mawasiliano nao nimewaandikia. Kampuni husika ikisoma hapa ijue nataka majibu kwa maandishi na hela za wamama zirudi, sio kupigiwa tena na yule dada wa ofa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam