Msiwaruke Wayahudi wa Elephantine

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Wayahudi na Misri ilianza na Musa, kisha ikarukia Aleksandria, kana kwamba katikati hapakuishi mtu. Anayefungua Ezekieli 29:10 atakuta jina Sewene. Ndiyo Aswan ya leo, na mbele yake, ndani ya Mto Nile, kuna kisiwa cha Elephantine. Karne ya 5 KK, Misri ikitawaliwa na Waajemi, katika mji wa kisiwa hicho waliishi askari wa Kiyahudi na familia zao. Walikuwa hata na hekalu la Mungu wao, waliyemwita Yahu, wakati lile la Yerusalemu nalo limesimama.

Hekalu hilo lilibomolewa mwaka 410 KK. Makuhani wa Khnum, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha kondoo dume, walikula njama na mtawala wa hapo, Vidranga. (Wayahudi kuchinja kondoo wa sadaka ukutani kwa watu kama hao, naona, kulikuwa kutafuta ugomvi.) Mwaka 407 KK kuhani Yedania na wenzake walimwandikia Bagohi, liwali wa Yuda, kwamba tangu siku ile wanavaa magunia, wanafunga, hawajipaki mafuta wala kuonja divai. Wakajibiwa kwamba hekalu lijengwe upya, na unga na ubani vitolewe. Sadaka za kuteketezwa hazikutajwa.

Lakini mimi barua za wakubwa hazinishiki kama nyaraka za nyumba moja. Mwaka 1893 Mmarekani Charles Edwin Wilbour alinunua huko Aswan mafunjo (karatasi za kale za matete) yaliyoandikwa kwa Kiaramu, akayatia sandukuni. Akafa 1896, na sanduku likakaa hadi jumba la makumbusho la Brooklyn lilipolipata mwaka 1947. Humo mlikuwa na mkataba wa ndoa wa mwaka 449 KK. Bwana harusi ni Anania, mtumishi wa hekalu la Yahu. Bibi harusi ni Tamet, mwanamke wa Kimisri, mtumwa wa Myahudi aitwaye Meshulamu. Vitu alivyoingia navyo vimeorodheshwa kimoja kimoja: vazi la sufu, kioo cha kujitazamia, jozi ya viatu, mafuta kidogo. Basi.

Kwa hiyo Tamet alikuwa mke wa huyu na mali ya yule. Miaka 22 baadaye, mwaka 427 KK, Meshulamu aliandika hati nyingine kwamba yeye akifa, Tamet na bintiye Yehoishma watakuwa huru. Nao wakakubali kumtumikia kama mtoto anavyomtumikia baba yake, na yeye akishakufa, wamtumikie mwanawe Zakuri.

Mwalimu wa historia,
Tanga