Barua ya wazi kwa wanakikoba: kabla hatujagawana Desemba

Wanangu, wanakikoba wenzangu,

Salaam. Nawaandikia mapema kwa sababu fedha ikishaingia mkononi ushauri hausikiki. Wengi wenu mmeweka hisa mwaka mzima mkisema ni za nyumba. Mgao ukitoka, sikukuu inachukua chake, Januari inakuja na sare na madaftari, na masika ya Machi yanakuta bati ni lile lile linalovuja.

Nyumba nzima haina bei ya kuiwekea akiba. Kazi moja ndiyo yenye bei. Mwite fundi apande juu apime, akuandikie vifaa mbali na ufundi mbali, kisha nenda mwenyewe maduka mawili matatu ukaulize. Ongeza sehemu ya kumi ya dharura, maana mbao iliyo chini ya bati bovu mara nyingi nayo imeoza, na haionekani mpaka bati litolewe.

Chukulia hesabu imefika shilingi 960,000. Ukiweka 30,000 kila wiki, ni wiki 32. Anza katikati ya Januari, utafika mwisho wa Agosti, bado kiangazi, vuli haijaanza. Kama 30,000 ni nzito kwako, punguza kazi au sogeza tarehe. Usiahidi kiasi ambacho biashara yako ya mihogo au genge lako haikitoi.

Sasa, kazi ipi kwanza? Hapa nitawasumbua kidogo, wanangu. Paa kwanza. Inaniuma kuona sebule imewekwa jipsamu nzuri na taa zake, halafu mvua moja inaacha doa la kahawia, jipsamu inavimba, inashuka. Tena maji hayadondoki pale yanapoingilia. Huingia kwenye tundu la msumari uliolegea, yakatambaa na kenchi, zile mbao zinazobeba bati, yakatokea chumba cha pili. Kabla hujanunua bati jipya, fundi akague misumari na mipira yake. Huenda kazi yote ni hiyo. Na ukinunua bati, uliza geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Vigae na rangi vitangoja.

Wapo wanaopenda kununua vifaa kidogo kidogo ili fedha isiliwe. Kwa bati na nondo sawa, mradi visinyeshewe. Saruji hapana. Inavuta unyevu, na ikikaa miezi mfukoni inaganda mabonge. Nunua saruji fundi akiwa tayari.

Linalonikosesha usingizi ni mikopo ya kausha damu. Mama anakopa kwa siri amalizie ukuta, rejesho ni kila wiki, akikosa wiki mbili wanakuja kubeba godoro na televisheni mbele ya watoto. Nawasihi, kwa ukuta hakuna haraka ya namna hiyo. Ukipungukiwa, kopa kikobani: riba yetu inarudi kwetu sote kwenye mgao. Na mwenzako wa nyumbani ajue, tangu siku ya kwanza.

Pendekezo langu ni kwamba fedha ya nyumba itengwe na hisa, iwe na ukurasa wake kwenye daftari, na isikopeshwe kwa mtu yeyote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilitaka vikundi kama chetu visajiliwe, nasi tumesajiliwa na akaunti tunayo. Basi fedha hiyo ikae benki. Sanduku, hata liwe na kufuli tatu, tuliachie hisa na mfuko wa jamii.

Kikao kijacho kila mmoja aje na karatasi moja: kazi, bei ya vifaa, bei ya ufundi, kiasi cha kila wiki. Asiye na fundi anayemwamini aje kwangu kabla ya kikao, nitamtuma kwa mtu. Mweka hazina, naomba uandae ukurasa wa kila mwanachama.

Mimi mlezi wenu