Dozi ya mseto tumalize jamani

Mhariri, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Hii tabia ya kumeza mseto, dawa ya malaria, siku moja, homa ikishuka vidonge vinafichwa kabatini visubiri mgonjwa mwingine, inaniuma sana. Ndani ya mseto kuna dawa mbili, artemeta inaua vimelea fasta lakini inaisha mwilini ndani ya masaa, alafu lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia vilivyosalia, ndo maana dozi ni siku 3 na unywe na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri kwenye damu. Wenye maduka ya dawa, msikate dozi, asiye na hela mwelekezeni zahanati.