Kwa vijana mnaomaliza uanagenzi: kabla hamjaulizana nani analipwa ngapi

Wanangu,

Mmejifunza kazi pamoja, lakini haitachukua muda mtaanza kushangaa kwa nini mwenzenu analipwa mara mbili yenu. Msikimbilie kusema ana bahati. Ujira wa fundi hufuata mambo mawili: hasara inayomfika mteja kazi ikiharibika, na uchache wa wanaoiweza. Ndiyo maana fundi wa lifti kwa kawaida humzidi fundi rangi. Lifti ikikosewa inaua, wala haiguswi na asiyeidhinishwa. Brashi kila mtu anaishika. (Rangi nzuri ni kazi ngumu, ila soko halijali.)

Ndani ya fani moja tofauti huweza kuwa kubwa zaidi. Tazameni uchomeleaji. Wa mageti anashindana na mtaa mzima. Aliyefaulu mtihani wa 6G, ambapo bomba hufungwa kwa pembe ya nyuzi 45 na haligeuzwi, huitwa kwenye mitambo ya mafuta na mvuke, ambako viungo hukaguliwa kwa eksirei. Wengi hufeli kwenye pasi ya kwanza, ile ya mzizi, yaani mstari wa kwanza wa kuchomelea ulio chini kabisa ya kiungo: mwanya haukulingana, au moto ulikuwa mdogo, chuma kisiyeyuke mpaka ndani. Fanyieni mazoezi hapo, si kwenye pasi ya juu inayopendeza macho.

Umeme vilevile. Kuvuta nyaya wanajua wengi. Anayepima insulesheni (ganda la nyaya linalozuia umeme usivuje) kwa volti 500, akakataa kuwasha saketi ya volti 230 ambayo ukinzani wake umesoma chini ya megaomu 1, kisha akaandika ripoti na kuitia saini, huyo analipwa kwa saini.

Mtakaojiajiri, bei yenu ya siku msiipime kwa mshahara wa aliyeajiriwa. Kati ya saa 45 za wiki, zile za kukagua kazi, kununua vifaa na kudai malipo hazina mlipaji. Zikibaki 27, kipato mnachokihitaji kwa wiki kigawanyeni kwa 27, mpate bei ya saa moja. Mashine itakayodumu siku 600 za kazi, kila siku ibebe fungu moja kati ya 600 ya bei yake. Na fundi bomba apime mfumo kwa shinikizo kabla ukuta haujafungwa, maana uvujaji wa baadaye humgharimu vigae, plasta na siku ya mteja mwingine.

Mnaoajiriwa, ulizeni mapema: saa za ziada zinalipwaje, vifaa ni vya nani, mvua ikisimamisha kazi siku inalipwa? Mwashi asiyeuliza hilo la mwisho anaweza kukubali ujira wa siku ulio mkubwa, mwezi ukiisha akazidiwa na seremala wa karakana anayelipwa pungufu.