Anayekwenda kusoma ukili aanzie kwenye kuti, si kwenye mkeka

Mhariri,

Kila likizo ndefu inapofika, wanafunzi wa sanaa na historia hushuka Bagamoyo na Pangani, mmoja mmoja, kuwatafuta wasusi wa mikeka na kujifunza ukili, yaani utepe mrefu wa majani yaliyosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka. Ni jambo la heri, na kwenda peke yako kuna faida: msusi mmoja na mgeni mmoja watazungumza, ilhali kundi la watu kumi huishia kupiga picha. Tatizo ni kwamba wengi hurudi na picha za mikeka iliyokwisha kushonwa basi. Naomba nafasi niwaambie wanaojiandaa kwenda.

Waangalie majira kwanza. Ukindu, yaani jani la mkindu (mti wa jamii ya mtende) linalosukwa, unataka jua la mfululizo, kwa hiyo nendeni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Wakati wa masika akina mama wako shambani, majani hayakauki, na njia za kusini ya mto Pangani kuelekea Mkwaja na Saadani zina udongo mweusi unaomeza tairi. Ukishavuka kwa kivuko kwenda Bweni, patana na bodaboda nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Beba noti ndogondogo. Wakala wa pesa za simu hayuko kila kijiji, na akiwepo huenda hana fedha taslimu.

Barua ya chuo ipitie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Raia wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Binti aliye peke yake amwombe mtendaji amkabidhi kwa mama mtu mzima, asilale gesti ya stendi. Mama huyo ndiye atakayempigia hodi kwa wasusi.

Sasa kazi yenyewe. Mkindu huota penye majimaji, kando ya mito, mashina mengi pamoja. Kinachokatwa ni kuti changa la katikati ambalo bado limefumba; lililokwisha kufunguka ni gumu na huvunjika likikunjwa. Shina la mkindu hukulia kileleni tu, hivyo kilele kikikatwa hadi moyoni shina hilo limekufa. Muulize msusi anaacha makuti mangapi, anatembea umbali gani kuyafuata, na mama yake alitembea umbali gani. Majibu hayo matatu yana thamani kuliko picha hamsini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, hakuna ruhusa ya kukata, kwa hiyo usimsukume mtu akuoneshe kwa kuingia huko.

Makuti hupasuliwa kindu kwa kindu, yakaanikwa siku kadhaa na kuingizwa ndani kila jioni. Umande ndio adui. Doa la ukungu halitoki, na hapo rangi haishiki sawasawa. Rangi nyingi siku hizi ni za unga za dukani, nazo huchemshwa. Usiandike "alitia rangi nyekundu". Andika maji lita ngapi, rangi vijiko au vizibo vingapi, ilichemka muda gani, na ukindu ulisuuzwa mara ngapi. Mkeka ukichuja kwenye kanzu ya mtu, tafuta sababu humo: maji hayakuchemka, unga ulizidi, au ukindu haukusuuzwa mpaka maji yakawa maangavu. Ukimpata bibi anayejua mizizi ya mdaa kwa rangi nyeusi, au manjano, au mbegu za mzingefuri, kaa naye. Jina la mti peke yake halitoshi. Pima uzito, uliza kama alitia shabu ya kushikisha rangi, na uone sufuria kwa macho yako.

Katika kupima, chukua futi ya fundi cherehani, lakini andika pia kipimo cha msusi. Shubiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima. Mikono ya watu hailingani, basi pima mkono wake mara moja, uandike sentimita zake mwanzo wa daftari. Ukimsikia anasema "pima kumi" utajua ni ukili wa urefu gani. Hesabu kindu zinazoingia katika ukili mmoja na upana wa kila ukindu kwa milimita. Angalia unyevu pia: ukindu uliolowa sana hunywea ukikauka na kuacha vitundu, mkavu sana huvunjika kwenye pindo. Kisha geuza mkeka uangalie nyuma, pale kili zilipounganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Mshono mzuri unautafuta kwa vidole, kwa macho huuoni.

Vipande vya mfano, shubiri moja kila kimoja, vitiwe kwenye bahasha za karatasi. Kwenye plastiki hupata ukungu kabla hujafika nyumbani. Andika juu yake kwa penseli: kijiji, mwezi, rangi, na jina la mtindo kama msusi mwenyewe anavyolitaja.

Na malipo. Siku anayokueleza ni siku ambayo hakusuka. Mlipe kutwa, mkikubaliana mapema. Sukari na majani ya chai ni zawadi, si ujira, na inauma kuona msomi anapokea elimu ya miaka arobaini kwa kilo moja ya sukari halafu anaomba apunguziwe bei ya mkeka.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Magazeti yetu huchapa picha za mikeka na kuandika chini yake "utamaduni wetu". Tafadhali mtake kila mpiga picha alete jina la kijiji, aina ya jani na, msusi akiridhia, jina lake.

Msomaji wenu,
Bagamoyo, Pwani