Ndoo moja ya maji magari kumi, rangi itapona kweli?

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda sasa. Gazeti lenu lina ule ukurasa wa magari, nausoma wote, injini, giaboksi, gari gani inakunywa mafuta na gari gani spea zake zimejaa Kariakoo, lakini rangi sijawahi kuona mkiigusa, na rangi ndo kitu cha kwanza mtu anaangalia akija kununua gari yako, hata boneti hajaomba ufungue.

Mimi nina Premio nyeusi. Nyeusi ile ya kawaida isiyo na chenga za kumetameta. Nilipoitoa bandarini ungeweza kunyoa ndevu kwa kujiangalia mlangoni, sitanii. Nikawa naipeleka kuoshwa kila Jumamosi pale karibu na nyumbani Tabata, elfu saba na ya soda kwa dogo, najiona mwanaume ninayejali gari yangu kuliko wale wanaosubiri mvua iwaoshee.

Sasa jirani yangu ni fundi rangi. Jioni moja kanikuta nimepaki, kawasha tochi ya simu kaiweka juu ya boneti, kaniita, "Jirani hebu njoo, hii gari unaiosha na msasa?" Nikadhani utani. Nikainama. Yaani pale kwenye mwanga kulikuwa na miduara, mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui imezunguka tochi, akisogeza tochi na utando unasogea, boneti nzima, milango yote, hadi buti. Mchana kivulini huoni kitu, unaona tu gari imefubaa unasema imezeeka, kumbe haijazeeka, imesuguliwa.

Jumamosi iliyofuata sikukaa kwenye benchi. Nilisimama nikatazama kazi mwanzo mwisho na naomba niieleze maana wengi tunakaa kule na simu hatuoni. Dogo kaja na mashine ya presha kapiga maji dakika moja hivi, haraka haraka maana kuna gari tatu nyuma yangu. Kachukua ndoo, na ile ndoo ndo imeosha Noah iliyotoka sasa hivi, maji yana rangi ya chai ya maziwa, kaongeza sabuni ya unga kiganja kizima ikachemka povu, ukiliona povu unaridhika. Kachovya sponji kaanza na rimu. Rimu jamani, kwenye unga wa breki na mchanga wote wa barabarani. Akamaliza rimu mbili, na sponji hiyo hiyo akapanda kwenye boneti. Katikati sponji likamdondoka chini kwenye tope, akaliokota, akalipiga kwenye paja mara mbili, pa pa, akaendelea. Mimi moyo unaniuma lakini nikasema ngoja nione mwisho wake. Mwisho wake akakausha kwa kipande cha tisheti ya zamani chenye mshono pembeni, anazungusha mkono, duara, duara, duara. Nikaelewa ile miduara imetoka wapi.

Baadaye yule jirani kanielewesha na nikaona nimekuwa mjinga miaka. Gari nyingi rangi yake juu ina klia, ile inayong'aa, chini yake ndo rangi yenyewe, chini zaidi praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, halafu bati. Hiyo klia ya kiwandani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani kwako. Na mchanga huu wetu, punje zile zinazometa, unachora hata kioo, sembuse klia. Kwa hiyo vumbi likikaa tu juu ya gari halina shida sana, shida inaanza mtu anapolikandamiza na tambara akalisugua. Sisi tunajua gari inaharibika kwa kutooshwa, kumbe gari yangu ingekaa chafu wiki mbili ingekuwa na hali nzuri kuliko kuoshwa vile kila wiki.

Hapo hapo niwataje na walinzi wetu, wananisamehe. Pale kazini mlinzi ni mzee mmoja mwema sana, kila asubuhi "shikamoo mzee," "marahaba bosi," halafu nikiingia tu ofisini anachukua kitambaa kikavu anaifuta gari vumbi lote, anataka nikitoka niikute inang'aa nimwachie chochote. Hakuna kitu kibaya kama hicho, kufuta vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, ni msasa kabisa huo. Nilishindwa kumwambia mwezi mzima, unaanzaje kumkataza mtu mzima wema. Mwishowe nikamwambia mzee we niangalizie tu isigongwe, chai yako iko pale pale. Akacheka akasema nilikuwa nashangaa mbona ukitoka unaikagua.

Nikaanza kuosha mwenyewe nyumbani na haina maajabu. Ndoo mbili za lita 20, moja ina maji na shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia. Kwanza namwagia gari nzima maji, kwa mpira au presha, mpaka mchanga ule wa juu uondoke wenyewe bila mkono kugusa, hii ndo kazi kubwa na hapa ndo usiwe na haraka. Ukiwa na presha simama mbali kama futi moja na zaidi, na kama gari imewahi kupigwa rangi mtaani na kuna sehemu imeanza kubanduka usiielekeze hapo, itabandua lote. Kisha navaa glavu ile ya manyoya manyoya ya mikrofaiba, manyoya yanameza mchanga kuliko sponji ambayo inaubeba usoni pake. Naanza kwenye paa, vioo, boneti, buti, milango juu, na kule chini milangoni na bampa mwisho kabisa maana ndo kuna mchanga mwingi. Kila kipande kimoja nikimaliza glavu inaingia ndoo ya kusuuzia, naikamua, ndo inarudi kwenye sabuni. Mkono unaenda mbele na nyuma, taratibu, sikandamizi. Rimu zina tambara lake la peke yake ambalo halikanyagi kwenye bodi hata kwa bahati mbaya.

Siku ya kwanza nilipomaliza niliimwaga ile ndoo ya kusuuzia polepole, chini ukabaki mchanga kama vijiko viwili vya chai. Nikamwita mke wangu aje aone. Yeye kaona mchanga, mimi nimeona vijiko viwili ambavyo zamani vilikuwa vinazungushwa kwenye gari yangu kila Jumamosi na nalipia.

Kukausha natumia taulo kubwa la mikrofaiba, nalilaza naliburuta taratibu au nagandamiza tu linyonye, sisugui. Na yale mataulo yanafuliwa peke yake, usichanganye na nguo. Moja mke wangu alifutia jiko, limekuwa la jikoni moja kwa moja, halikurudi kwenye gari.

Halafu jua. Boneti nyeusi saa sita mchana hapa Dar huwezi kuweka kiganja, ukiosha muda huo maji yanakauka kabla hujafika upande wa pili yanabaki madoa meupe, hasa sisi wa maji ya visima, si mnajua visima vyetu vina chumvi. Yale madoa ukiyaacha wiki na jua linapiga yanaanza kuila klia. Siki na maji nusu kwa nusu inayatoa yakiwa bado mapya, unasuuza vizuri, ila na waksi yako, ile ya kupaka juu ya rangi kuikinga, inaweza kuondoka nayo, upake tena. Mimi naosha asubuhi mapema au jioni, kivulini, lakini kivuli chenyewe kisiwe cha mwembe maana utomvu ukidondoka na kukauka ni kesi nyingine.

Na kunguru wa hapa mjini wanajulikana. Kinyesi chake kikikauka kwenye rangi na jua likapiga kinaacha alama isiyotoka kwa kuosha, kwa hiyo usisubiri Jumamosi, ila usikikwangue kikavu. Chukua tishu au kitambaa, lowesha chapachapa, lazia pale juu dakika chache kilainike, ndo ukinyanyue. Mimi chupa ndogo ya maji na kitambaa vinakaa kwenye buti siku zote.

Sabuni ya unga na ile ya vyombo watu wanabisha sana. Mi nasema hivi, kuosha mara moja haiui gari, ila zinapunguza waksi na ile ya unga chenga zake zisipoyeyuka unazisugua nazo. Shampuu ya gari chupa moja inanisogeza miezi, maana kifuniko kimoja kinatosha ndoo.

Kuna kipimo kimoja fundi kanifundisha kinachekesha kidogo. Ukishaosha na kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha vidole juu ya rangi bila kukandamiza, kama kuna uchafu umeganda utausikia kama chunusi. Enzi hizo ungetumia rambo ila zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, mimi natumia mfuko wa mkate.

Sasa wapo watakaosema kama imekwaruzika si unapiga polishi tu. Nilipiga, laki na nusu imeondoka, na kweli ilirudi. Lakini fundi mwenyewe kaniambia pale mashine inapozunguka haizibi mikwaruzo, inanyoa klia mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ukinyoa kila mwaka kuna siku itaisha, na klia ikiisha ni kupiga rangi upya, na gari iliyopigwa rangi mnunuzi akigundua anakuuliza uligonga wapi, hata uape hakuamini.

Mhariri nisionekane nawasema vijana. Wale madogo nimekaa nao, wanalipwa kwa idadi ya gari, gari moja wanapata kipande tu cha ile elfu saba, kinachobaki ni cha mwenye eneo na mwenye mashine. Ukimwambia abadilishe maji kila gari unamwambia apunguze gari za siku, yaani apunguze ugali wake. Ndoo kapewa moja, sponji limenunuliwa hajui lini, na wateja wenyewe ndo sisi tunapiga honi "dogo fanya fasta nina safari". Anayetakiwa kuulizwa ni mwenye kijiwe. Ndoo ya pili ni shilingi ngapi? Tambara la rimu la rangi nyekundu na la bodi la rangi nyingine ili yasichanganyike, ni shilingi ngapi? Aweke bei mbili ubaoni, ya haraka na ya ndoo mbili, atashangaa watu watakavyolipa hiyo ya pili. Mimi hata elfu kumi na mbili ningelipa na nikasubiri.

Na ukurasa wenu wa magari mkiweza mtumeni mwandishi akashinde siku moja kwenye kijiwe chochote, asiulize chochote, ahesabu tu gari ngapi zinaoshwa kabla maji ya ndoo hayajamwagwa. Mimi siku ile nilihesabu hadi kumi nikaondoka.

Mwezi uliopita nilikuwa na homa sikuweza kuosha, nikaenda na ndoo zangu mbili, glavu na taulo langu, nikampa yule yule dogo nikamwonyesha. Mwanzo wenzake walimcheka, wanamwita daktari kwa ajili ya glavu. Aliosha dakika arobaini na kitu, nikamlipa yeye mkononi elfu tano juu ya ile ya kijiwe. Alipomaliza kamwaga ndoo ya kusuuzia, kachungulia chini, kanyamaza kidogo, kaniuliza, "Bosi hii glavu umenunua wapi?" Nikamwambia Kariakoo, nikamwachia. Jumamosi hii nilipita pale sikuiona. Kaniambia bosi wake kaichukua anaoshea gari yake.

Mwenye Premio nyeusi,
Tabata, Dar es Salaam